Je, Wajua? Nusu Milimita Ndani ya Mzizi wa Jino

Je, wajua kwamba jino refu kuliko yote kinywani ni chonge la juu, na kwamba kutoka ncha yake ya kung'atia hadi mwisho wa mzizi kwa kawaida halifiki sentimita tatu? Daktari anayetibu mzizi wa jino hilo huingia kwenye mfereji asiouona, na hutakiwa asikosee kwa zaidi ya nusu milimita hivi, mbele au nyuma, kutoka mahali panapostahili. Akisimama mapema anaacha uozo. Akipitiliza anaumiza nyama na mfupa ulio nje ya mzizi. Kipo kifaa cha umeme kinachomwambia asimame wapi, na safu ya leo ni yake: kipima-mzizi. Swali letu ni moja, nalo linamhusu mgonjwa wa Ifakara sawasawa na wa Tokyo: kinasema kweli kwa kiasi gani?

Je, wajua ndani ya mfereji huo mna nini? Mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Jino likitoboka hadi humo, vijidudu huingia, nyama hufa, na usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi. Ndipo shavu linavimba na usiku unakuwa mrefu. Daktari hulitoboa jino kwa juu, hukwangua mfereji kwa tupa nyembamba, huuosha kwa dawa, kisha huuziba. Mitaani husemwa "kuua mshipa", ingawa mara nyingi mshipa wenyewe umeshakufa zamani na kinachotafutwa ni kuutoa mzoga.

Je, wajua kwamba tupa hizo huvaa sare dunia nzima? Zambarau ina unene wa milimita 0.10 kwenye ncha, nyeupe 0.15, njano 0.20, nyekundu 0.25, buluu 0.30, kijani 0.35, nyeusi 0.40. Urefu wake wa kawaida ni milimita 21, 25 au 31. Kila moja ina kipete cha mpira kinachoteleza kwenye shina lake. Daktari akishajua urefu wa mfereji hukisogeza kipete mpaka hapo, na kuanzia dakika hiyo usalama wa mgonjwa umekaa kwenye kile kipande cha mpira. Kikiteleza bila kuonekana, kipimo kizuri kuliko vyote hakisaidii kitu.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi kipimo kilikuwa vidole? Mndamba anayesukuma mtumbwi kwa upondo katika mto Kilombero haoni chini ya maji, lakini mkono wake unajua mchanga ulipo, tope lilipo na mahali pasipo na kina. Daktari naye alisikiliza tupa kwa vidole mpaka ahisi pamebana. Shida ni kwamba mifereji mingine haibani, na mingine hubana katikati ya njia kisha ikapanuka tena.

Je, wajua kwamba mahali pa kusimama si mwisho wa mzizi? Karibu na ncha mfereji hupungua upana hadi kwenye mbano, kisha hupanuka tena mpaka kwenye tundu la kutokea. Mwaka 1955 Yury Kuttler wa Mexico alichapisha vipimo vya meno 268 na kuonyesha kwamba kutoka mbano hadi tundu kuna wastani wa milimita 0.524 kwa vijana wa miaka 18 hadi 25, na milimita 0.659 kwa wenye miaka 55 na kuendelea. Mzizi unaendelea kuongezewa utando mgumu kwa nje kadiri mtu anavyozeeka. Kwa hiyo babu na mjukuu wanaweza kukaa kwenye kiti kimoja siku moja, na kipimo kinachomfaa mmoja kikamkosa mwenzake.

Na je, wajua kwamba tundu hilo mara nyingi halipo kwenye ncha? Hutokea ubavuni, likielekea upande wowote. Hapa ndipo picha ya eksirei inapokwama. Picha ni bapa. Tundu likitazama mbele au nyuma ya mzizi, tupa inaweza kuwa imeshatoka nje wakati picha inaonyesha bado imo ndani. Mwaka 2001 ElAyouti na wenzake, huko Tübingen, Ujerumani, walichunguza meno ambayo kwenye picha urefu wake ulionekana kukubalika kabisa. Katika asilimia 51 ya magego madogo tupa ilikuwa imepitiliza tundu. Katika magego makubwa, asilimia 22. Yaani kwa magego madogo picha nzuri ilikuwa kama kurusha shilingi hewani.

Je, wajua nani alianza kuupima mfereji kwa eksirei? Edmund Kells wa New Orleans, Marekani, mwaka 1899, miaka minne tu baada ya Röntgen kuugundua mwale huo. Aliweka waya wa risasi ndani ya mfereji akaupiga picha aone umefika wapi. Mionzi ilimlipa vibaya: saratani ilimla vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 alijiua.

Wazo la kutumia umeme ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Custer wa Marekani alilitoa mwaka 1918. Mwaka 1942 Suzuki, mtafiti wa Japani, aliona jambo la ajabu akifanya majaribio kwa mbwa: ukinzani wa umeme kati ya chombo kilichofika mwisho wa mfereji na elektrodi iliyogusa ngozi laini ya kinywa ulikuwa uleule karibu kila mara. Miaka 20 baadaye, mwaka 1962, Sunada alilihamishia jambo hilo kwa binadamu. Alipata thamani ya takriban omu 6,500, jino liwe refu au fupi, mgonjwa awe mzee au kijana. Kwa nini iwe hivyo? Kuta za jino hazipitishi umeme vizuri, lakini nyuzi nyevu zinazoshika mzizi kwenye mfupa hupitisha. Tupa ikizikaribia, umeme unapata njia, na namba inashuka.

Je, wajua kwamba vifaa vya kwanza viliuma? Kile cha mwaka 1969, kilichotengenezwa Tokyo, kilipitisha mkondo mkubwa kiasi cha mgonjwa kuruka kwenye kiti. Vilivyofuata vilishushwa hadi chini ya sehemu tano za milioni za ampia. Mitambo ya Kidatu, huku kwetu kwenye Ruaha Mkuu, ina uwezo wa megawati 204, na kipima-mzizi kinaridhika na betri ndogo. Ndiyo maana umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ya eksirei inazima na kipima-mzizi kinaendelea kulia "pii, pii". Ila betri ikichoka, namba nazo huanza kuyumba, na ni vigumu kujua kama anayeyumba ni mzizi au betri.

Je, wajua kwamba kuna kimoja kilichotumia sauti peke yake? Ni Sono-Explorer cha mwaka 1971. Daktari alisikiliza mlio ubadilike. Fikiria kliniki yenye redio inayoimba taarabu na mtoto anayelia kwenye benchi.

Adui mkubwa wa vifaa vya zamani alikuwa maji. Mfereji ukiwa na damu, usaha, mate au dawa ya klorini, ndugu yake Jik ya kufulia, umeme ulipita popote na kifaa kilisema umefika kabla hujafika. Daktari alilazimika kuukausha mfereji kwanza, jambo ambalo halina mantiki kwa sababu mfereji salama ni ule unaooshwa muda wote. Fumbo hilo lilifumbuliwa Japani. Kobayashi na Suda walitumia masafa mawili kwa pamoja, hezi 400 na hezi 8,000, kisha kifaa kikalinganisha ukinzani katika masafa ya kwanza na katika ya pili. Maji yakiongezeka namba zote mbili hubadilika pamoja, lakini uwiano wake hautikisiki sana. Mbali na ncha uwiano unakaribia 1. Kwenye mbano unashuka hadi karibu 0.67. Kifaa chao, Root ZX cha kampuni ya Morita ya Kyoto, kilielezwa kwenye jarida la kitaalamu mwaka 1994, na tangu hapo vifaa vipya vingi hupimwa kwa kulinganishwa nacho.

Je, wajua kwamba namba "0.5" kwenye kioo cha kifaa si nusu milimita? Hili linawakosesha hata baadhi ya wataalamu. Zile alama ni hatua za uwiano wa umeme, si rula. Ikiwa mshale umekaa kwenye 0.5, kifaa kinasema "nadhani uko karibu na mbano". Hakisemi umebakiza milimita ngapi. Alama inayoaminika zaidi ni ile ya kugusa tundu lenyewe. Kwa hiyo wengi hupeleka tupa mpaka kifaa kiseme imefika, halafu huirudisha nyuma nusu milimita au moja kwa rula halisi, ile ya chuma.

Sasa tuje kwenye usahihi. Je, wajua unavyopimwa? Unahitaji jino ambalo tayari limepangwa kung'olewa na mgonjwa aliyekubali. Daktari huingiza tupa, husoma kifaa, huigandisha tupa hapohapo kwa simenti, hung'oa jino na tupa yake ndani, kisha husugua upande wa mzizi taratibu hadi ncha ionekane, na kuitazama kwa hadubini. Hapo hakuna ubishi: chuma kiko pale kilipo.

Shabahang na wenzake walifanya hivyo Marekani mwaka 1996 kwa Root ZX, katika mifereji 26. Kifaa kililenga tundu barabara katika mifereji 17. Kilisimama kabla mara moja. Kilipitiliza mara 8. Ukikubali kosa la nusu milimita kila upande, kilipatia 25 kati ya 26, yaani asilimia 96.2. Namba hiyo ndiyo inayonukuliwa kila mahali, na wauza vifaa wanaipenda sana. Wanaponukuu hawataji zile 8, ingawa ndizo zinazomfaa daktari kuliko zote, kwa kuwa zinamwambia kifaa kinapokosea kinaelekea wapi.

Je, wajua kwamba asilimia 96.2 ya mifereji 26 si namba moja bali ni masafa? Ukipiga hesabu ya kawaida ya takwimu, ukweli nyuma ya 25 kati ya 26 unaweza kuwa popote kuanzia takriban asilimia 80 hadi karibu 100. Na kweli, mwaka 1998 Pagavino na wenzake wa Italia walipopima meno 29 kwa kifaa hichohicho walipata asilimia 82.75 ndani ya nusu milimita, na meno yote ndani ya milimita moja. Hakuna aliyedanganya. Wametupa jiwe lilelile kwenye maji yaleyale, mawimbi yakatofautiana.

Wakazi wa bonde hili la Kilombero wana historia yao na namba za aina hiyo. Mwaka 1993, katika kijiji cha Idete, watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 waliingizwa kwenye jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Watafiti walikuwa wa kituo cha Ifakara, kile kilichoanza kama maabara ya Waswisi katika miaka ya 1950 na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzao wa nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: chanjo ilizuia asilimia 31 ya malaria. Dunia ikashangilia. Lakini pembeni ya 31 palikuwa na mabano, na ndani ya mabano masafa ya kuanzia 0 hadi 52. Sifuri ilikuwemo. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga, na SPf66 ikawekwa kando. Ninaona fahari katika kisa hicho. Namba ya Idete ilitolewa pamoja na mabano yake, ikajaribiwa upya kwingine, ikaachwa ilipostahili kuachwa. Mwuza kifaa cha meno anayekuja na asilimia 96 bila mabano angepaswa kwanza kufika Idete.

Je, wajua kwamba kifaa kinaweza kufundishiwa kwenye mwani? Wanafunzi wasio na wagonjwa wa kutosha hupanda meno yaliyong'olewa ndani ya alginati, ule uji mzito wa kuchukulia vipimo vya meno ya bandia, kwa sababu hupitisha umeme karibu kama nyuzi za kinywani. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa jamii nyekundu na hutoa kitu kingine, kwa hiyo akina mama wa Unguja wasidai gawio hapa.

Vitu vinavyokidanganya kifaa ni vingi, na vingi vyake ni vya kawaida kabisa. Jino lenye zibo kuu la chuma: tupa ikiligusa, umeme unakimbilia huko. Mate yanayoingia kwa pembeni. Ufa kwenye mzizi. Mzizi uliotobolewa kwa bahati mbaya, ambapo kifaa hupiga kelele mapema kwa sababu kimefika nje kweli, ila kwa mlango usio wake. Hapo kinageuka kuwa msaada: daktari anayejua jino ni la milimita 22 na kifaa kikalia kwenye 12 anaelewa ametoboa ukuta. Tupa nyembamba mno ndani ya mfereji mpana nayo hupotosha. Mshale unaoruka-ruka haupaswi kuaminiwa hata kidogo. Unaotulia na kurudi palepale mara ya pili, huo una maneno.

Je, wajua nusu milimita ina thamani gani kwa mgonjwa? Utafiti wa Sjögren na wenzake wa Umeå, Uswidi, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 8 hadi 10. Kwa meno yaliyokufa na yenye ugonjwa kwenye ncha, zibo lililoishia ndani ya milimita 2 kutoka ncha lilipona kwa asilimia 94. Zibo lililopitiliza, asilimia 76. Lililopungua kwa zaidi ya milimita 2, asilimia 68. Katika meno hayo, kuacha uozo nyuma kuliadhibiwa zaidi kuliko kupitiliza.

Kila kazi ina kiasi chake cha kukosea. Je, wajua kwamba reli inayoshuka kutoka Kilosa hadi Kidatu ina upana wa milimita 1,000 na ile ya TAZARA, inayopita hapa Ifakara kwenda Mlimba, ina milimita 1,067? Tofauti ni milimita 67 tu, na kwa sababu yake behewa la reli moja haliwezi kuingia kwenye nyingine; mzigo lazima uhamishwe Kidatu. Wajenzi wa reli wangecheka wakisikia mtu anahangaikia nusu milimita. Waacheni waumwe jino.

Je, wajua kwamba zibo la mwisho la mzizi limewahi kulala chini ya Bahari ya Hindi? Huitwa gata-pecha, utomvu mgumu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Kabla haijatawala kwenye meno ilitumika kufunika nyaya za simu za chini ya bahari, kwa kuwa haipitishi umeme na maji ya chumvi hayaili. Waya ulioiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879 ulikuwa wa enzi hiyo ya gata-pecha. Leo daktari hupasha moto vijiti vyake vya rangi ya waridi na kuvishindilia ndani ya gego la mkulima wa mpunga.

Je, wajua kwamba watafiti wa Afrika Mashariki wameyafanya meno yawe kama kioo? Mwaka 2007 Rwenyonyi na wenzake wa Makerere walichapisha utafiti wa magego ya juu ya Waganda. Waliyaondolea madini, wakayafanya yaangaze, wakaingiza wino, na mifereji yote ikaonekana kwa macho. Kazi ya namna hiyo ni muhimu kwa mtumiaji wa kipima-mzizi kwa sababu moja rahisi: kifaa hupima mfereji ulioupata tu. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne uliojificha, na kifaa hakina habari nao mpaka daktari autafute mwenyewe.

Daktari yeyote wa meno bondeni humu anaijua sentensi hii: "Dokta, wewe ng'oa tu nirudi nyumbani." Tusimlaumu mama anayeisema. Tiba ya mzizi mara nyingi ni safari zaidi ya moja, na yeye katoka Mlimba au Malinyi, masika barabara ni tope, na shamba halijapaliliwa. Kabla ya daraja la Magufuli lenye mita 384 kufunguliwa juu ya mto Kilombero mwaka 2018, aliyetoka Mahenge alisubiri pantoni kwanza. Kung'oa ni siku moja. Kipima-mzizi hakipunguzi kilomita, ila kinapunguza picha za eksirei na kurudia-rudia kupima, na hivyo dakika za mtu kukaa mdomo wazi. Kwa mwenye safari ndefu hilo si dogo.

Je, wajua kwamba Tanzania iliifundisha dunia njia ya kutibu jino bila umeme? Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wakiwa Dar es Salaam walianza kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono peke yake na kuziba kwa zibo linalojishika lenyewe. Hakuna mashine wala bomba la maji. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono. Njia hiyo huliwahi jino kabla uozo haujafika kwenye nyama ya ndani, na jino lililowahiwa halina haja ya kupimwa mzizi wake kwa kifaa chochote. Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza ya kliniki ndogo iende huko, ya pili ndiyo iende kwenye kipima-mzizi.

Na sukari je? Kiwanda cha Kilombero kipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na chai ya bonde hili haijawahi kuwa ya kinyonge. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata mtu kwa siku. Mwaka 2022 shirika hilohilo lilikadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa. Msomaji ahesabu vijiko vyake mwenyewe.

Je, wajua kwamba "meno ya plastiki" si meno ya plastiki? Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, kuna wanaoamini kosa ni la yale mavimbe meupe kwenye ufizi, na huyakwangua au kuyang'oa. Ni vichipukizi vya meno ya kweli, mara nyingi vya chonge. Mtoto hupoteza damu, huweza kupata maambukizi mazito, na miaka baadaye lile chonge refu tulilolitaja mwanzoni linaota kombo au halioti kabisa. Homa ipelekwe ikapimwe malaria.

Je, wajua kwamba kipima-mzizi hakimpendi mtoto wa miaka saba? Gego la kwanza la kudumu hutoka mtoto akiwa na miaka sita hivi, lakini mzizi wake hufunga ncha miaka miwili hadi mitatu baadaye. Kabla ya hapo tundu ni pana kama mdomo wa chupa, hakuna mbano wa kuutafuta, na kifaa huwa hakina uhakika. Meno ya utoto nayo mizizi yake huyeyuka ili kupisha ya kudumu, kwa hiyo urefu uliopimwa Januari unaweza usiwe wa Juni.

Na wale wenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani? Miongozo ya watengenezaji imekuwa ikionya wasitumiwe kipima-mzizi. Majaribio mengi yaliyofanywa baadaye hayakuona kifaa cha moyo kikivurugwa, lakini onyo bado limo ndani ya boksi, na daktari hawezi kulifuata asipojua kwamba unacho. Mwambie kabla hajakuning'inizia mdomoni kindoano cha chuma cha kipima-mzizi.